Mafunjo marefu, amrela au mafunjo mafupi: upande yapi nyumbani?

Ukienda kwa wauza maua wa pembeni ya barabara, iwe Dar, Arusha au Nairobi, ukasema unataka ule mmea wa kwenye maji wenye mashina yasiyo na majani na kichwa kimechanua juu, utaonyeshwa vitu vitatu tofauti na vyote utaambiwa ni papirasi. Ukishafika nyumbani ndio unaanza kujiuliza mbona wa jirani una mita tatu na wangu unaishia magotini, au mbona wa ofisini kwao unakaa ndani miaka na miaka na wangu umekauka vichwa vyote ndani ya mwezi. Sio kwamba umetapeliwa, hii mimea ni ndugu kweli, yote ni Cyperus, ukoo mmoja na ile ndago inayosumbua watu shambani, ila tabia zao ni mbalimbali sana na kabla hujatoa hela ni vizuri ujue unachukua upi na unaupeleka kukaa wapi.

Kwanza tuwatofautishe

Mafunjo marefu (Cyperus papyrus) ndio yale ya Naivasha, ya Yala, ya Ziwa Victoria, ya Kagera na bonde la Kilombero, na Uganda ndio usiseme. Shina ni kijani, halina jani, lina pembe tatu, ukiliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada unazisikia zile kona. Juu kuna kishungi kikubwa cha nyuzi nyembamba zinazoning'inia kila upande. Porini yanafika mita 4 hadi 5, kwenye chombo nyumbani mara nyingi ni mita 2 hadi 3. Ndio haya haya Wamisri wa kale waliyafanyia karatasi, na Misri kwenyewe yalikuja kupotea karibu yote mpaka Mmisri mmoja, mhandisi Hassan Ragab, alipoanza kuyapanda upya miaka ya 1960, huku kwetu bado yamejaa, nitalirudia hilo baadae maana kuna jambo la kuombana.

Amrela (Cyperus alternifolius, vitalu vingi wanaandika Cyperus involucratus) haina nyuzi, ina majani bapa membamba kama 12 hadi 25 yaliyojipanga duara juu ya shina kama mwavuli, ndio jina lilikotoka. Urefu sentimita 60 mpaka mita moja na nusu. Nayo ni ya huku huku Afrika, Madagaska na Bara Arabu, ingawa watu wengi wanadhani imeletwa na wazungu kwa sababu wameizoea kuiona hotelini na benki.

Mafunjo mafupi (Cyperus prolifer) ni ya Afrika mashariki na kusini pamoja na Madagaska. Sentimita 30 hadi 90, kichwa ni cha nyuzi pia lakini fupi na zimesimama kila upande, haziningʼinii kama za mafunjo marefu. Kwenye vibandiko utakuta limeandikwa jina la Cyperus haspan, ambao ni mmea mwingine wa karibu yake, usihangaike sana na hilo, matunzo hayapishani.

Hapa kwenye mafunjo marefu na mafupi ndio watu wanapochanganya, sababu mche mdogo wa mafunjo marefu unaweza kufanana na mafupi yaliyokomaa. Usiangalie kichwa, angalia chini. Mafunjo marefu yana shina la chini nene, linatambaa kwa kulala kwenye tope na limefunikwa na maganda ya kahawia, hata kwenye mche mdogo unaliona linaanza kunenepa. Mafupi chini ni kichaka cha vijishina vyembamba tu vimebanana. Kama muuzaji ana mmea mama muombe akuonyeshe, hilo ndio jibu la uhakika zaidi.

Vigezo nitakavyotumia

Nitawapitisha wote watatu kwenye mambo haya haya: nafasi na jua, maji na mbu, udongo na mbolea, kuongeza miche, baridi na upepo, alafu kazi ya kila wiki. Uzuri siuweki kwenye vigezo, yote ni mazuri na kila mtu ana jicho lake. Na bei nayo inategemea sana mji na muuzaji. Kwa maoni yangu kigezo kizito kuliko vyote ni maji, yani maji yako yatakaa wapi, ni ya aina gani na nani atakuwa anayaangalia, ukishajibu hilo chaguo linakuwa limeshajitengeneza nusu.

Nafasi na jua

Mafunjo marefu yanataka jua la kutosha, saa sita kwa siku au zaidi, na yanataka nafasi juu na pembeni. Ni mmea wa joto, jinsi yanavyotumia mwanga ni sawasawa na mahindi na muwa na sio kama mimea mingi ya majini, ndio maana ukiyaweka kwenye kibaraza chenye kivuli mashina yanarefuka kwa udhaifu, yanainama, vichwa vinakuwa vidogo na rangi inafifia. Chombo kiwe na upana wa sentimita 50 hadi 60 angalau. Ndoo ya lita 20 inatosha kuanzia ila ndani ya mwaka itakuwa imebana, pipa la lita 200 lililokatwa nusu ndio saizi yake. Kwenye balkoni ya ghorofa ya nne sikushauri, sio jua tu, uzito pia, pipa nusu lenye tope na maji sio kitu cha kuinua watu wawili.

Amrela ndio mvumilivu. Jua kali sawa, kivuli cha nusu siku sawa, ndani karibu na dirisha sawa. Ikiwa juani kabisa inakuwa fupi na nzito na rangi inaelekea njano kidogo, kivulini inakuwa ndefu na kijani iliyoiva. Chungu cha upana wa sentimita 25 hadi 30 inakaa vizuri tu.

Mafunjo mafupi yapo katikati, yanapenda jua la asubuhi au jua la siku nzima lililochujwa, na hayahitaji nafasi, beseni pana tu linatosha. Kivuli kizito hayataki, yanakuwa na mashina machache yaliyolala. Ndani ya nyumba yanaweza kukaa ila iwe dirisha lenye mwanga haswa, sio ile kona ya sebule nyuma ya kochi.

Maji, na mbu

Hapa nitakaa kidogo.

Mafunjo marefu yanaweza kusimama kwenye maji yaliyo juu ya udongo kwa sentimita 10 mpaka 30, na porini yanaelea kabisa, mizizi na yale mashina ya chini yanasukana yanakuwa kama zulia juu ya ziwa. Kwenye chombo hayahitaji kina chote hicho, yanachotaka ni udongo usikauke kabisa. Yakikaushwa siku kadhaa kwenye jua la Januari vichwa vinaanza kukunjamana na kuwa kahawia na hata ukiyarudishia maji vile vichwa havirudi, utasubiri mashina mapya.

Amrela inaishi kwenye maji ya sentimita 5 au 15 juu ya udongo, inaishi kwenye udongo wenye unyevu tu bila maji kusimama, inaishi kwenye chungu kilichowekwa kwenye kisahani chenye maji. Ni moja kati ya mimea michache ya ndani ambayo huwezi kuiua kwa kumwagilia sana. Ila kuiua kwa kuisahau inawezekana.

Mafunjo mafupi yanataka maji kidogo na ya kudumu, sentimita 0 mpaka 10 juu ya udongo, na ndio yanayoumia haraka zaidi maji yakikauka kwa sababu mizizi yake iko juu juu.

Sasa mbu. Ukiweka beseni la maji nyumbani Afrika Mashariki umefungua nyumba ya kupanga ya mbu, na sio wa malaria peke yao. Dar imepata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wa dengi anapenda hasa maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani, na anauma mchana. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10 kwenye joto letu, kwa hiyo hesabu yako ianzie hapo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kokoto. Unapanda kwenye chombo kisicho na tundu, unajaza udongo mpaka karibu theluthi mbili, juu unaweka kokoto safi mpaka ukingoni, alafu maji unajaza mpaka chini kidogo ya uso wa kokoto. Ukiangalia kwa juu unaona mawe makavu, ukichomeka kidole unagusa maji. Mbu hana pa kutagia. Amrela na mafunjo mafupi yanafurahi kabisa na mpangilio huu, mafunjo marefu pia yanaukubali ila kiangazi utaongeza maji mara nyingi, maana ile mimea ikishakuwa mikubwa inakunywa kweli kweli.

Kama unataka maji yaonekane, weka samaki. Gapi wadogo wanatosha kwa beseni kubwa au bwawa dogo, wanakula viluwiluwi wote wa mbu. Sato wakubwa wanachimbua udongo na kuchafua maji, labda bwawa lako liwe kubwa. Ukishaweka samaki usimwage dawa yoyote ya wadudu humo ndani. Kwa visahani vya ndani dawa ni moja, mwaga na usugue kila siku nne au tano, kusugua ni muhimu maana mayai yanang'ang'ania ukingoni na yanaweza kukaa makavu muda mrefu yakisubiri maji. Na kwa Tanzania kuna viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi vinavyotengenezwa Kibaha, ukivipata ni msaada kwa mabwawa.

Aina ya maji nayo isikupite. Wote watatu ni wa maji baridi, yani yasiyo na chumvi. Visima vingi vya kuchimba vya Dar na pwani vina chumvi, na dalili utaziona kwenye ncha, zinakuwa kahawia na kahawia inashuka taratibu. Amrela inavumilia kidogo zaidi, mafunjo mafupi ndio yanaonyesha haraka. Tumia maji ya mvua ukiweza, au msimu wa masika uache mvua ijaze chombo na kufurika, inafukuza chumvi iliyojikusanya mwaka mzima. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja, hasa kama kuna samaki.

Udongo na mbolea

Usitumie ule udongo mwepesi wa vitalu wenye maranda na maganda ya nazi, utaelea wote ukitia maji na utabaki na supu. Udongo wa mfinyanzi au wa bustani mzito ndio wenyewe, kwa mimea yote mitatu, na kokoto juu ili usitibuke.

Tofauti iko kwenye ulaji. Mafunjo marefu yanakula sana, kule porini yanaota pale mito inapoingiza tope lenye rutuba ziwani, na ndio maana pia kinamasi cha Nakivubo pale Kampala kimefanya kazi kubwa ya kuchuja maji taka ya mji kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Nyumbani yape mbolea kila mwezi wakati wa joto. Usimwage NPK juu ya maji, maji yatageuka kijani ndani ya wiki na samaki watapata shida. Chukua bonge la udongo wa mfinyanzi linaloenea kwenye kiganja, weka kijiko cha chai cha NPK katikati, viringisha, acha likauke kidogo alafu lisukumize chini kabisa karibu na mizizi. Linayeyuka taratibu huko huko chini.

Amrela bonge moja kila miezi miwili au mitatu inatosha, ya ndani hata zaidi ya hapo. Mafunjo mafupi vivyo hivyo, nusu kijiko, ukizidisha yanajaa majani mengine yasiyohusika na ukungu wa kijani juu ya kokoto. Samadi mbichi usiweke kwa yeyote kati ya hao, inaoza ndani ya maji na harufu yake utahama wewe.

Kuongeza miche

Mafunjo marefu yanagawanywa kwenye shina la chini. Unayatoa yote kwenye chombo, kazi ya watu wawili na panga kali, unakata kipande chenye mashina mawili matatu na mizizi yake, unayafupisha yale mashina marefu ili upepo usiyang'oe, alafu unapanda kwa kulaza, juu juu, lile shina nene lifunikwe tu na udongo mwembamba. Ukilizika chini sana linaoza. Anza na maji kidogo, ongeza kina machipukizi yakishatoka. Kukata kichwa na kukiweka kwenye maji kwa mafunjo marefu usitegemee, kwa kawaida kinaoza tu, na watu wengi wanajaribu kwa sababu wameona inafanyika kwa amrela.

Kwa amrela ndio raha. Chagua kichwa kilichokomaa lakini bado kijani, kata ukiachia sentimita 3 hadi 5 za shina, punguza yale majani kwa mkasi yabaki nusu, alafu kiingize kwenye glasi ya maji kichwa chini miguu juu, majani ndani ya maji na kijiti cha shina kinatazama dari. Inaonekana kama umekosea lakini ndivyo mmea wenyewe unavyofanya, shina likizeeka linainama, kichwa kinagusa maji na mizizi inatokea pale pale katikati. Badilisha maji kila siku tatu nne. Baada ya wiki mbili au tatu, ukikigeuza utaona pale majani yanapokutana pametoka vidole vyeupe vya mizizi na katikati yake vichipukizi vya kijani vilivyochongoka. Vikifika urefu wa kidole unapanda kwenye tope. Kwa hiyo kama jirani ana amrela huna sababu ya kununua, omba kichwa kimoja.

Mafunjo mafupi yenyewe yanajizalia bila kukuuliza, vichwa vinaota miche midogo juu yake na vikilala kwenye maji inajishika. Unaweza kukibana kichwa kwenye tope la chungu cha pembeni kwa jiwe dogo kikiwa bado kimeshikana na mama, kikishashika unakata. Au gawa kichaka kwa kisu, ni kilaini kama unakata keki.

Jambo la kuombana ni hili. Tafadhali msiende kung'oa mafunjo kinamasini au ukingoni mwa ziwa kisa ni bure. Mizizi ile inashikilia tope na kuchuja maji, na kuna ndege hawana pengine pa kuishi zaidi ya humo. Kwa Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, maziwa na mabwawa. Kitalu chochote chenye mmea mama mmoja kinaweza kukugawia kipande, na kipande kilichozoea chombo kinashika haraka kuliko kilichong'olewa ziwani.

Baridi na upepo

Pwani na Kanda ya Ziwa hamna shida, wote watatu wanakua mwaka mzima. Nairobi na Arusha, mwezi wa sita mpaka wa nane mafunjo marefu na mafupi yanapunguza mwendo, mashina mapya yanakuja machache, ni kawaida, usiongeze mbolea kuyalazimisha. Kule kwenye sakitu, yani baridi ya kugandisha, kama Njombe, Makete, au Limuru usiku mbaya, mafunjo marefu yataungua juu, yaweke karibu na ukuta unaopata jua la mchana. Amrela ikiungua juu kwa baridi mara nyingi inachipua tena kutoka chini ilimradi mizizi haijaganda.

Upepo ni adui wa mafunjo marefu. Wakati wa kusi kule pwani shina la mita mbili na nusu lenye kichwa kizito linavunjika katikati, na likishavunjika halina dawa, unakata chini. Panda nyuma ya ukuta au kona ya nyumba, na chombo kiwe kizito na kipana chini. Amrela inayumba tu inarudi. Mafupi wala hayajui kama kuna upepo.

Kuhusu wanyama, ukiwa na mafunjo marefu Dar au Entebbe tegemea wageni. Kwera wanakuja kuchana zile nyuzi kwa ajili ya viota, anashika uzi kwa mdomo, anaruka nao, uzi unachanika mpaka chini, na kichwa kinaweza kubaki na nyuzi nusu. Mimi naona ni uzuri wa kuwa nayo, ila kama unataka vichwa visivyoguswa ujue mapema. Amrela ya ndani tatizo lake ni paka, wanaipenda kuitafuna mpaka huko Ulaya kuna aina inayouzwa mahsusi kwa ajili yao, na tatizo la pili ni utitiri wadogo wanaotokea chumba kikiwa kikavu kwa AC, ncha zinakuwa kahawia na chini ya majani unaona vumbi lenye utando. Peleka bafuni uioshe kwa maji ya bomba yenye nguvu kidogo, rudia baada ya siku chache. Mafunjo mafupi sijaona yakisumbuliwa sana na chochote zaidi ya konokono.

Kazi ya wiki kwa wiki

Kila shina kwenye mimea hii lina umri wake, linaishi miezi kadhaa, linageuka njano, linakufa, na mengine yanatoka chini. Kukata yaliyokufa sio hiari. Ukiyaacha yanaanguka majini yanaoza, maji yananuka na machipukizi yanakosa mwanga.

Kwa mafunjo marefu hiyo ni kazi ya kila wiki mbili hivi, na mkasi mdogo hautoshi, tumia kisu au mundu, kata karibu kabisa na chini. Mabaki usitupe, yakikaushwa ni matandazo mazuri, na kule Nyanza watu wamesuka mikeka kwa mafunjo toka zamani. Kila mwaka mmoja au miwili utalazimika kutoa yote, kugawa na kupanda upya, la sivyo yatapasua chombo, ndoo za plastiki nimeziona zimechanika kabisa pembeni. Usiyapande moja kwa moja kwenye bwawa lililotandikwa turubai, yaache ndani ya chombo chake hata kama chombo kimezama.

Amrela, kata shina moja moja unapopita, kila miaka miwili badilisha chungu. Angalizo moja, ikipandwa ardhini karibu na mtaro inasambaa, maji yanabeba mbegu na vichwa, na nchi kama Australia inahesabiwa kabisa kuwa ni gugu. Mafunjo mafupi yanataka kuangaliwa maji kila baada ya siku mbili tatu wakati wa kiangazi, zaidi ya hapo ni kupunguza tu vile vitoto vinavyojipanda kila mahali.

Sasa wewe uko wapi hapa

Kama una kiwanja, jua la kutosha, na mtu wa kushika panga mara mbili kwa mwezi, mafunjo marefu yatakupa kitu ambacho wale wawili hawawezi kukupa, ule ukuta wa kijani unaonong'ona upepo ukipita. Pia ndio ya kufikiria kama una bwawa la samaki na maji yake yana rutuba kupita kiasi, mafunjo yatainyonya.

Kama unaishi apartimenti, unasafiri mara kwa mara au hii ndio mara yako ya kwanza kufuga mmea wa maji, amrela. Weka chungu ndani ya ndoo nzuri isiyo na tundu, kokoto juu, jaza maji kabla ya safari na wiki nzima haina neno. Wenye ofisi na saluni nao wachukue hii, mwanga wao wa dirisha unatosha.

Kama una balkoni yenye jua la asubuhi na unataka kibwawa kidogo cha mezani, beseni, gapi wawili watatu na mawe, mafunjo mafupi ndio saizi yake, mafunjo marefu yatalimeza beseni na amrela itakuzibia uone samaki. Uwe tu mtu wa kukaa nyumbani kuangalia maji, au umpe mtu kazi hiyo.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi na huna pa kuvunia mvua, anza na amrela moja uone ncha zake kwa miezi mitatu kabla hujaongeza nyingine.

Kama unataka kutumia maji ya kunawia na kuogea, mafunjo marefu na amrela zote zinaweza, chimba kitanda cha kokoto maji yapite chini ya mawe yasionekane, na yale yenye jiki usiyapeleke huko. Eneo dogo chagua amrela, eneo kubwa changanya, marefu upande maji yanapoingilia na amrela yanapotokea.

Kama una watoto wadogo wanaotambaa, sahau maji ya wazi kwa sasa, hata ya sentimita kumi. Chukua amrela kwenye udongo wenye unyevu tu au mfumo wa kokoto.

Na kwa walioko Ulaya au Marekani kaskazini, kuna mafunjo yanauzwa kwa jina la King Tut, hayo ni mafunjo ya aina ya papyrus yasiyorefuka sana, yanafika kama mita moja na nusu hivi, na Baby Tut ambayo kiukweli ni amrela fupi. Yatoe nje baridi ikishaisha, na yarudishe ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10. Amrela itavuka majira ya baridi dirishani bila matata, mafunjo yatapoteza vichwa vingi mpaka mwezi wa nne, endelea tu kuyaweka na unyevu na kata yaliyokauka.